Kikombe Kimoja kwa Wiki

Jumamosi ile nilikuwa sebuleni nikisahihisha madaftari. Mama mkwe alikuwa akikunja nguo, na binti yangu wa miaka sita akiwagombeza wanasesere wake kwa kosa la kutojua kuhesabu. Ilikuwa asubuhi kama nyingine zote. Kisha mama mkwe akainua pua.

"Baba, kuna kitu kimekufa humu ndani."

Alijutia neno lile mara tu lilipomtoka. Ilikuwa miezi minne tangu tumzike mwanawe, yaani mke wangu, na neno "kufa" tulikuwa tukilikwepa kama shimo barabarani.

"Panya, nadhani," akaongeza. "Panya mkubwa."

Hakuwa panya. Ninafundisha kemia, na gesi inayonuka yai viza naijua kwa jina. Ilikuwa ikipenya chini ya mlango wa chumba chetu cha kulala, ambacho nilikifunga kwa ufunguo siku ya mazishi. Tangu siku hiyo nililala kwenye kochi. Ndani ya chumba kile mna bafu dogo alilolitumia mke wangu kipindi chote cha ugonjwa wake, na sikuwa tayari kuliona taulo lake likiwa bado limetundikwa.

Tukamwita fundi bomba. Mtaani wanamwita Waya, kwa sababu ya ule waya mrefu wa kuzibulia anaouzungusha begani. Ni mtu mzima mwenye maneno mengi. Nilimfungulia chumba, akapiga magoti bafuni, akatoa kichujio cha sakafuni, akasukuma waya ndani ya tundu, akauvuta. Ulitoka mkavu.

"Mwalimu, hapa hapajaziba. Pamekauka."

"Na kukauka nako kunanuka?"

"Si wewe ndiye msomi?" Akacheka. "Sikiliza. Chini ya tundu hili bomba limepinda kama kiwiko. Linashuka, linapanda kidogo, ndipo linakwenda zake shimoni. Maji yanayobaki pale kwenye kona ndiyo mlango. Mkioga kila siku, mlango umefungwa. Msipooga miezi minne maji yanakauka, na vya shimoni vinapanda kuja kuwajulia hali."

Akamimina maji. Harufu ikakatika palepale.

"Kikombe kimoja kwa wiki. Basi. Ila usisahau."

Alipokuwa akirudisha kichujio alinyamaza, akainamisha sikio.

"Anayekohoa huyo ni mama?"

Mama mkwe alikuwa uani anaanika nguo, anaimba. Tulimsikia sote wawili. Fundi akaukunja waya wake harakaharaka, na chai ambayo alikuwa ameisifia tangu alipoingia mlangoni hakuinywa.

Nilimimina kikombe changu kila Jumamosi. Nilikuwa nikiingia, namimina, natoka, bila kutazama upande wa taulo. Kisha nikaitwa kwenda kusahihisha mitihani mji mwingine kwa wiki tatu, na ufunguo ukasafiri mfukoni mwangu.

Niliporudi harufu ilikuwa imerudi hadi sebuleni. Sikuvua hata viatu. Nilijaza kikombe, nikafungua chumba, nikainama juu ya tundu. Ilikuwa saa tisa alasiri, na jua lilijaa dirishani. Mkono wangu ulikuwa umeanza kupinda wakati mtu alipokohoa chini ya sakafu. Kikohozi kidogo, cha kusafisha koo kabla ya kuomba kitu.

"Mwenzangu. Maji."

Ni mke wangu peke yake aliyeniita hivyo. Siku yake ya mwisho, baada ya kupasuliwa tumbo, daktari aliagiza asipewe maji mpaka kesho yake. Aliniomba mara tatu. Kikombe chake nilikuwa nacho mkononi, kile cheupe cha bati kilichobonyea kitako, alichotoka nacho nyumbani kwa sababu hakupenda vya wodini. Nilimtii daktari. Saa tisa alasiri mke wangu alikata roho, midomo imempasuka kwa ukavu. Kikombe nilikiacha juu ya kabati la wodi. Sikukirudia.

Sasa alikuwa akiniomba tena, na maji nilikuwa nayo. Lakini nilielewa, nikiwa na akili zangu timamu, kwamba maji yatakayomnywesha ndiyo yatakayomfungia mlango. Nikayamwaga nje ya dirisha, nikaketi sakafuni, nikasikiliza.

Nilisikiliza siku kumi na moja.

"Baba, mwite Waya," mama mkwe alikuwa akiniambia, kanga puani. "Mtoto anakula huku anataka kutapika."

"Kesho, mama."

"Hiyo kesho yako ina ndevu sasa."

Saa tisa ilipofika nilikuwa sakafuni. Aliyekuwa chini hakusema mengi. Aliniita. Aliomba maji. Nilimsimulia habari za shule, za mwalimu mkuu na tai zake. Siku ya kumi aliuliza: "Mtoto hajambo?" Nililia kwa furaha, nikajibu kwamba hajambo, amepoteza jino la mbele.

Siku ya kumi na moja akanong'ona: "Mlete mtoto. Yeye atanipa."

Mke wangu hakuwahi kumwita binti yetu "mtoto". Alimwita "mama". Tangu siku aliyomzaa, hata alipokuwa akimgombeza. Mama, vaa viatu. Mama, njoo ule.

Nilimimina ndoo nzima. Kimya.

Kesho yake kona ilikuwa kavu. Nikamimina ndoo mbili. Kesho yake tena, kavu.

Waya alirudi, safari hii bila utani. Alimimina maji, akamulika tochi tunduni, tukainama kichwa kwa kichwa. Maji yalikuwa yakishuka taratibu. Yanashuka, yanasimama. Yanashuka tena.

"Bomba limepasuka?" nikanong'ona.

"Maji yanayovuja hayapumziki, Mwalimu," naye akanong'ona. "Haya yanapumzika."

Tuliyatazama mpaka yakaisha. Yalishuka kwa mafunda. Nilihesabu tisa.

Fundi alichanganya saruji sakafuni kwa mikono yake, akaliziba tundu, akalisawazisha, akaondoka bila kuaga.

Harufu ikaisha kabisa. Siku mbili tulikula pamoja mezani tukicheka, na mama mkwe akafungua madirisha yote. Jambo moja tu sikumwambia. Kila alasiri, juu ya saruji ile kavu, nilikuta alama ya maji. Duara la kitako cha kikombe. Lilikuwa na pengo upande mmoja, kama la kikombe kilichobonyea.

Siku ya tatu binti yangu aliomba maji. Akanywa vikombe vitatu. Jioni akanywa vinne. Ndani ya wiki moja alikuwa akiamka na kiu, akienda shule na chupa mbili, akirudi amenywa na za wenzake. Daktari alipima sukari, damu na mkojo. Akasema mtoto ni mzima, labda ni joto. Nilileta vyombo vya maabara nyumbani, nikapima kilichoingia na kilichotoka kwa siku nne. Hesabu haikukubali. Kila siku zilipotea lita mbili na zaidi. Na mtoto alikuwa anakonda.

Jumapili moja alipitiwa na usingizi wa mchana bila kunywa. Nilikuwa kando yake na kitabu. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa. Binti yangu, macho yamefumba, akakohoa kidogo. Kusafisha koo.

Pumzi yake ilinuka yai viza.

"Mwenzangu," akasema. "Maji."

Kitabu kilianguka. Sauti ile haikuwa ya mtoto. Nilimwinua kichwa, nikamwekea mdomoni kikombe chake cha plastiki, akanywa bila kufumbua macho. Funda. Akapumzika. Funda. Yalipoisha, kitu kifuani mwake kilitulia, kama kona ya bomba inapojaa. Kisha akaamka, akaniita baba, akauliza mwanasesere wake yuko wapi.

Hivyo ndivyo tunavyoishi. Kikombe kila saa. Usiku tunapokezana, mimi na mama mkwe. Hajaniuliza sababu, ila siku moja nilimkuta jikoni ameshika meza kwa mikono miwili.

"Alipokuwa mdogo mwanangu alikuwa akikohoa vilevile," akasema. "Vilevile, baba. Usiniambie kitu."

Nimewaza kuibomoa saruji, nirudishe mlango ulipokuwa. Waya hapokei simu. Mafundi wengine wawili walipiga magoti pale, wakaweka sikio sakafuni, wakainuka, wakaenda zao. Tumempeleka mtoto kwa shemeji yangu, mwendo wa siku nzima kutoka hapa, na kiu ilisafiri naye. Tukamrudisha. Mabega yake sasa ni mifupa mitupu, na maji ninayomwinulia anayamaliza kabla sijakaza mkono.

Jumanne nilisinzia nikachelewa kumpa. Nilipozinduka, midomo yake ilikuwa imeanza kupasuka, na ile sauti ilikuwa ikiniuliza, kwa upole mkubwa:

"Mwenzangu. Mama hajambo?"

Mama. Jina hilo la binti yetu sikulitamka kamwe mbele ya tundu lile. Nimekumbuka kila siku kati ya zile kumi na moja, neno kwa neno, na sikulitamka. Kwa hiyo, ama kitu kile kimelichota katika kumbukumbu za binti yangu, ama ni yeye. Sina namna ya kujua. Najua tu kwamba kikombe kilikuwa mkononi mwangu, kimejaa, na kwamba nilijibu kwanza.

Jana nilichelewa dakika tano. Sikuwa nimesinzia.

Leo nimechelewa kumi. Aliongea vizuri, polepole, kama alivyokuwa akiongea kabla ya ugonjwa. Kisha nikampa binti yangu maji, akanywa, akalala. Bado nimekishika kikombe chake. Nilikwenda nacho bafuni nikatazame saruji.

Lile duara lenye pengo lilikuwepo, bichi. Kando yake lilikuwepo la pili, dogo, kamilifu. Nilikishusha kikombe cha binti yangu juu yake taratibu.

Kililingana sawasawa.