Bahasha ya Goti

Saa nne asubuhi mapokezi ya hospitali hapakuwa na pa kutia mguu. Wagonjwa walijaa kwenye viti, kwenye ngazi, hata juu ya sanduku la zimamoto. Mpiga picha wa chumba cha MRI alikuwa anakata njia katikati yao na kikombe chake cha chai, sare ya bluu imepigwa pasi ikanyooka, alipojikwaa kwenye mguu mrefu ulionyooshwa njiani. Chai yote ikaishia kwenye suti nyeupe ya michezo ya mwenye mguu.

"Kaka, mguu wako umeutupa njiani kama mzigo!"

"Nisamehe, dada. Haukunjiki. Ndio ulionileta hapa."

Alikuwa na mabega mapana, nywele zimenyolewa pembeni, na tabasamu la mtu aliyezoea kusamehewa. Watu watatu walikuwa wameshainua simu zao wampige picha. Mpiga picha hakuwa mfuatiliaji wa mpira, kwa hiyo hakujua kwamba amemmwagia chai Umeme, winga ambaye mji mzima ulikuwa ukiimba jina lake kila Jumapili.

"Wewe ni nani mpaka watu wanakugombania?"

"Mgonjwa tu. Nimeambiwa nimtafute mpiga picha."

"Umempata. Ila picha zangu hazipendezi ukutani."

Chumbani alimlaza, akamfunga goti kwa mikanda, akamwambia asitikisike kwa dakika ishirini. Umeme alitikisika. Picha ikatoka na ukungu, wakarudia, akatikisika tena.

"Kaka, humo ndani unacheza mpira?"

"Sijazoea kulala kimya mbele ya mtu mzuri hivi."

Mpiga picha alikuwa amejiapiza zamani kutocheka na wagonjwa, lakini siku hiyo kicheko kilimponyoka. Mara ya tatu picha ilipatikana kwa shida. Umeme akakaa, akamtazama usoni.

"Umeona nini?"

"Daktari atakueleza."

Miaka sita alikuwa akilitoa jibu hilo. Ndivyo kazi yao ilivyo: anayepiga picha hamsomei mgonjwa. Siku hiyo alikuwa ameona mstari mweusi, mwembamba, kwenye kano ya ndani ya goti, na ulimkaa rohoni.

Mapenzi yao yalikwenda mbio kuliko goti. Mwezi haukuisha, Umeme akawa anamwita Kamera, na mama yake Umeme anamwita mkwe bila kuulizwa.

"Kamera, umekula?" Simu ililia kila siku wakati wa mapumziko.

"Nimekula. Wewe umefanya mazoezi uliyopewa?"

"Nimefanya. Goti linakusalimia."

"Liambie nimelikumbuka. Mwenye goti sijui."

"Loo! Nimepinduliwa na goti langu mwenyewe!"

Kisha daktari wa timu akatoa kauli yake. Ni mchubuko mdogo, achomwe sindano, fainali baada ya wiki tatu acheze. Kamera aliposikia, chakula kilimshinda.

"Mpenzi, tafuta daktari mwingine alitazame. Daktari asiyelipwa na timu."

"Kwani kuna nini?"

"Nina wasiwasi tu. Nifanyie mimi."

Akakubali, kwa sababu aliyeomba ni yeye. Wakamchagua daktari bingwa mmoja mstaafu, mzee anayeheshimika, ambaye hata daktari wa timu alikuwa mwanafunzi wake. Kamera aliitengeneza bahasha mwenyewe, mezani kwake. Aliweka sidii ya picha, akaweka fomu, na juu kabisa akaweka barua ya daktari wa timu, ameikunja vizuri. Bahasha zote zilizotoka mkononi mwake zilitoka hivyo, na hakuna aliyewahi kumwambia ni kosa.

Jibu la mzee lilikuwa la mstari mmoja: *Nimeona picha. Nakubaliana na mwenzangu, acheze.*

Umeme alimnyanyua juu katikati ya maegesho ya magari. "Wawili wamesema! Sasa na wewe tabasamu basi!"

Akatabasamu. Wataalamu wawili wamesema, yeye ni nani abishe?

Fainali aliitazama kwenye televisheni ya chumba cha kusubiria, amebanwa katikati ya wagonjwa wanaoshangilia. Dakika ya thelathini Umeme aligeuka na mpira peke yake, hakuguswa na mtu, akaanguka. Wengine walikuwa wanasubiri ainuke. Kamera alikuwa ameshaziba uso.

Umeme alipasuliwa goti siku ya tatu. Siku ya nane akapiga simu, na sauti haikuwa ile ya kuuliza kama amekula.

"Barua ya daktari wa timu iliingiaje kwenye bahasha?"

"Niliiweka mimi."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma, mpenzi. Ndivyo tunavyofanya siku zote..."

"Yule mzee amekuja hapa wodini. Amekaa kitandani kwangu analia kama mtoto. Anasema aliisoma barua kwanza, akaenda kwenye picha akaona kile alichokisoma. Timu walitaka nicheze, wewe ukawafungia bahasha!"

"Umeme, nisikilize..."

"Nilitaka macho mengine, Kamera. Ukampelekea yaleyale."

Simu ikakatika. Tangu hapo kila Kamera akipiga haikupokelewa, na ujumbe haukujibiwa. Alikonda mpaka sare ikamning'inia. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba hakuwa na wa kumlaumu. Hakutumwa, hakuhongwa, hakumsaliti mtu. Alikuwa nadhifu tu, na unadhifu wake ukamvunja mtu anayempenda.

Ikapita miezi minane. Asubuhi moja mlango wa chumba cha MRI ulifunguka, akaingia Umeme na gongo moja, shati la kijivu limempwaya, ndevu hazijanyolewa. Kamera akasimama.

"Beki wetu ameumia nyonga," Umeme alisema, bila salamu. "Bahasha yake nimeiona. Barua imefungwa peke yake, imebandikwa gundi, na juu kuna mwandiko wako: *Tazama picha kwanza.*"

"Ndiyo."

"Umeanza lini kuandika hivyo?"

"Siku uliyonikatia simu. Bahasha zote."

Umeme aliinamisha kichwa. "Mtu aliyetumwa na timu asingejisumbua hivyo. Nimekukosea, Kamera. Nilihitaji mtu wa kumchukia, na wewe ulikuwa karibu."

"Mimi pia nimekukosea. Ule mstari niliuona siku ya kwanza, nikanyamaza."

Umeme alitoa fomu mfukoni. Akampa, akapanda kitandani polepole, akashika mguu kwa mikono miwili kuupandisha. Timu ilitaka kujua kama imwache au imsubiri. Kamera alimfunga mikanda.

"Usitikisike."

Safari hii hakutikisika hata kidogo. Picha ilitoka safi mara ya kwanza, na Kamera alitamani ingekuwa na ukungu. Alipotoka kumfungua, macho yalikuwa yameshamsaliti.

"Usiniambie hapa," Umeme alisema haraka. "Twende nyumbani. Kila Jumamosi mama anazipiga brashi njumu zangu, anasema nitazikuta tayari. Mimi nimeshindwa kumwambia aache."

Walifika mchana. Mama alikuwa barazani, gazeti limetandazwa miguuni, njumu moja imeshang'aa, ya pili iko mkononi.

"Mkwe wangu! Mliponuniana nilisema mtachoka wenyewe." Alicheka, kisha akawatazama vizuri na kicheko kikaisha. "Haya. Picha inasemaje?"

Lile jibu la miaka sita lilimjia mpaka kwenye ulimi. Akalimeza.

"Mama, mimi si daktari, na kusema hivi kunaweza kunifukuzisha kazi. Kesho madaktari wawili wataitazama, kila mmoja peke yake, barua sitaweka. Lakini nilichokiona nimekiona. Gegedu, ule mto laini kati ya mifupa ya goti, imekwisha. Atatembea vizuri tu. Mpira hatacheza tena."

Umeme alikaa kwenye ngazi kama aliyekatwa miguu yote miwili, akalia bila kujificha. Mama aliitazama njumu iliyokuwa mkononi mwake, nusu safi, nusu vumbi, halafu akaendelea kuipiga brashi.

"Mama, acha," Umeme alisema.

"Namalizia. Siwezi kuiacha hivi."

Kamera alikaa ngazini upande wa goti bovu. Hakujua kama anakaribishwa au la. Umeme alinyoosha mkono bila kumtazama, akamshika kifundo cha mkono, akakibana.

"Usitikisike," akamwambia.

Hakutikisika. Walikaa hivyo, wakimsikiliza mama na brashi yake, mpaka kiatu cha pili kikang'aa.