Makato Yaliyokosa Mwenyewe

Katika duka la kufulia la Mama Mashuka, Jumatatu ilikuwa siku ya mashuka ya zahanati. Kufikia saa mbili asubuhi marundo matatu yalikuwa sakafuni: meupe huku, ya kijani kule, na yenye damu peke yake ndani ya beseni la maji baridi. Mama Mashuka hakuruhusu mtu kutia maji ya moto kwenye damu.

"Maji ya moto hupika doa," alisema, kama alivyosema kila wiki.

"Tumesikia, mwalimu," akajibu wifi yake, kama alivyojibu kila wiki.

Wifi huyo, dada wa mumewe, ndiye aliyefua. Aliyenyoosha alikuwa Mzee Pasi, mtu wa miaka hamsini na kitu, mkimya, hodari wa kukunja shuka la kitanda kikubwa bila kushikiwa upande wa pili. Wafanyakazi walikuwa hao wawili tu. Mama Mashuka mwenyewe alipokea mizigo, akaiandika, akaipeleka, na akagombana na wateja waliodai foronya zao zimepungua. Biashara ilikuwa na umri wa miezi minane. Haikuwa kubwa, lakini ilisimama.

Asubuhi hiyo Mzee Pasi alichelewa. Hakuwa amewahi kuchelewa. Aliingia saa tatu na nusu, akasimama mbele ya meza yake ya pasi, na hakuwasha kitu.

"Mama, nina swali."

"Uliza huku pasi inapata moto, mzee wangu. Tumeshachelewa."

"Hapana. Hili nitauliza kwanza."

Mama Mashuka akaweka kalamu chini.

"Unakijua kile kiwanja ninachokitaka," alisema Mzee Pasi. "Chama cha akiba kimekubali kunikopesha. Wanataka kitu kimoja, uthibitisho kwamba nalipa kodi ya mshahara. Nimetoka ofisi ya kodi sasa hivi. Karani ameingiza namba yangu ya mlipa kodi. Hakuna kitu, hata mwezi mmoja. Kwao mimi sijaajiriwa na mtu. Kila mwezi unanikata elfu arobaini. Miezi minane sasa. Naomba kujua zinakwenda wapi."

Mikono ya wifi ikatulia ndani ya povu.

"Nalipa," alisema Mama Mashuka. Sauti yake ilitoka nyembamba. "Kila tarehe tano nalipa. Kwa simu. Risiti zote nimezichapisha."

Akatoa bahasha kwenye droo, akatandaza risiti nane mezani. Mzee Pasi akavaa miwani. Akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, akaenda hadi ya mwisho bila haraka.

"Hapa kuna jina lako," alisema. "Hapa namba yako. Hapa jina lako tena. Langu liko wapi?"

Mama Mashuka akazivuta risiti. Miezi yote hiyo alikuwa anatazama kiasi tu. Jina la Mzee Pasi halikuwemo. La wifi halikuwemo.

"Chama kinanisubiri hadi Ijumaa," alisema Mzee Pasi. "Baada ya hapo kiwanja anapewa mwingine."

Kisha akawasha pasi, akafanya kazi mpaka saa kumi bila kusema neno. Afadhali angefoka.

Wifi hakunyamaza. "Na zangu je?" aliuliza wakati wa kuanika. "Elfu ishirini kila mwezi. Wewe ni mke wa kaka yangu, siwezi kukuita mwizi."

"Ahsante."

"Lakini nimekaribia."

*

Nyumbani Mama Mashuka alimkuta mumewe, fundi wa mabomba, akiosha tope miguuni. Alimsimulia yote akiwa bado amesimama.

"Mrudishie Pasi pesa zake, mambo yaishe," alisema mumewe. "Chukua zile ulizoweka akiba ya kununua mashine ya kukaushia."

"Na ofisi ya kodi?"

"Usiende huko. Wakijua una wafanyakazi wawili na karatasi haziko sawa, watakufungia mlango. Usimwamshe aliyelala, mke wangu, utalala wewe."

Alijipakulia chakula, akakigusa kidogo tu. Hakuogopa faini tu. Aliogopa lile neno ambalo wifi alilikaribia. Mtaa ni mdogo. Neno kama hilo likishatoka, halirudi. Akasukuma sahani, akachukua ile bahasha ya risiti aliyorudi nayo, akavuka ua kwenda kwa jirani.

Jirani huyo alikuwa mhasibu wa shule. Jioni ile alikuwa amekaa kibarazani akimsuka binti yake, kitana kimebanwa mdomoni. Mama Mashuka alieleza. Mhasibu akasikiliza, akatoa kitana mdomoni.

"Fungua simu. Nionyeshe unavyolipa, hatua kwa hatua."

Mama Mashuka akafungua. Orodha ya kodi ikatokea. Kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye mstari wa kwanza.

"Hapo pameandikwaje?"

"Kodi ya biashara."

"Na mstari wa nne?"

Mama Mashuka akasogeza simu karibu na macho. "Kodi ya mshahara ya wafanyakazi." Akashusha simu. "Nilibonyeza ya kwanza kwa sababu ilikuwa ya kwanza."

"Dada, ukiingia zahanati, unameza dawa yoyote iliyo karibu na mlango?"

Binti aliyekuwa akisukwa akacheka, akavutwa nywele, akaacha.

"Basi pesa hazikupotea," mhasibu aliendelea. "Zimefika serikalini, ila zimeingia kwako, kama kodi ya biashara yako. Makato ya mshahara si pesa yako. Ni kodi ya mfanyakazi, wewe umeishika tu njiani. Ikifika lazima iwe na taarifa ya mwezi: jina la mfanyakazi, namba yake, mshahara wake, kodi yake. Wewe ukiletewa shuka halina alama ya mteja, utamrudishia nani?"

"Hata mimi sitajua."

"Na wao hawakujua. Sasa niambie, hizi elfu arobaini na elfu ishirini ulizipataje?"

"Moja ya kumi ya mshahara. Kila mtu."

"Nani alikuambia moja ya kumi?"

"Hakuna. Niliona moja ya kumi ndiyo haki."

"Hilo ni fungu la kumi, dada yangu, la kupeleka kwenye ibada. Kodi ya mshahara ina jedwali lake. Serikali hulitoa, na hubadilika. Mwenye mshahara mdogo huenda asikatwe kabisa. Mwenye mshahara mkubwa hukatwa zaidi. Hukisii."

Mama Mashuka akashika kichwa. "Mume wangu anasema nimrudishie tu Mzee Pasi pesa zake."

"Ukimrudishia, kiwanja atakipata?"

"Hapana."

"Na kodi yake itakuwa imelipwa?"

"Hapana."

"Basi utakuwa umetoa pesa mara mbili, na kodi bado hujalipa. Nenda ofisini kesho. Beba risiti, mikataba yao, namba zao za mlipa kodi, na orodha ya kila ulichowalipa. Mishahara pamoja na saa za ziada."

Mama Mashuka akatazama chini.

"Saa za ziada umezikata?"

"Zile nampa Mzee Pasi mkononi. Ni za chai tu."

"Kiasi gani?"

"Kama elfu sitini kwa mwezi."

"Chai ya elfu sitini. Anakunywa birika ngapi?" Mhasibu akarudi kwenye nywele. "Malipo ya kazi ni mshahara, hata ukiyaita chai. Yaandike."

"Watanifungia?"

"Sijui. Faini itakuwepo, sitakudanganya. Lakini aliyejileta mwenyewe hatazamwi kama aliyefuatwa. Mficha uchi hazai."

*

Jumanne asubuhi Mama Mashuka alimwomba Mzee Pasi waende pamoja. Alikubali kwa kichwa. Katika ukumbi wa ofisi ya kodi walipewa namba sitini na tatu. Ubao ulionyesha kumi na tisa. Mzee Pasi aliacha kiti kimoja kitupu kati yao.

Saa moja ikapita, na ya pili. Mama Mashuka alihesabu hatua za kufika mlangoni. Zilikuwa kumi na moja. Angeweza kusema anakwenda msalani. Angeweza kuwa dukani kwake kabla ya saa tano. Alimtazama Mzee Pasi, aliyekuwa ameshika kitambulisho chake kwa mikono miwili. Akabaki.

Sitini na tatu.

Karani alikuwa kijana mwenye mafua. "Shida ni nini?"

"Nimelipa kodi mahali pasipo pake."

"Una wafanyakazi?"

Neno "sina" lilikuwa jepesi zaidi kulitamka.

"Wawili. Kwa miezi minane. Mmoja ndiye huyu."

Karani akapenga kamasi, akaanza kuandika kwenye kompyuta. Aliuliza mishahara, tarehe, saa za ziada. Alizipitia risiti zote nane. Mwishoni akageuza kioo ili wote wawili waone.

"Hujasajiliwa kama mwajiri. Hilo tunafanya sasa. Yule mfuaji wako, kwa mshahara wake, yuko chini ya kiwango. Hakupaswa kukatwa hata senti. Mrudishie zote, kisha ulete karatasi aliyosaini. Ila kwenye taarifa ya mwezi bado utamwandika, na kodi yake sifuri. Mzee hapa, ukijumlisha saa za ziada, kodi yake ni elfu arobaini na nne kwa mwezi. Umekata arobaini."

"Nne zilizopungua atalipa nani?" aliuliza Mzee Pasi. Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza tangu wafike.

"Ofisi inamdai mwajiri."

"Nitalipa mimi," alisema Mama Mashuka. "Kosa ni langu."

"Jaza barua ya kuhamisha malipo kutoka kodi ya biashara kwenda kodi ya mshahara. Zilizopo zinatosha kodi yake yote, hadi hizo nne. Zitakazobaki zitahesabiwa kwenye kodi ya biashara yako. Halafu jaza taarifa za miezi yote minane. Zimechelewa, kwa hiyo kuna faini. Unaweza kuomba uilipe kwa awamu."

"Na jina lake litaonekana lini?"

"Siku kumi za kazi."

"Ijumaa hii ndiyo siku yake ya mwisho."

"Ijumaa itakuwa bado." Karani akagonga muhuri kwenye nakala ya barua, akampa Mzee Pasi. "Wapelekee hii. Inaonyesha malipo yapo na yanahamishwa. Siwezi kuwalazimisha waikubali."

*

Ijumaa Mzee Pasi alikwenda kwenye chama chake. Mama Mashuka alichukua pasi mwenyewe. Alikuwa amesahau ugumu wa kazi hiyo. Aliunguza foronya moja, akaandika kwenye daftari kwamba ataifidia. Kila kivuli kilipopita mlangoni, aliinua kichwa.

"Utaunguza na ya pili," alisema wifi.

"Fua wewe."

Mzee Pasi alirudi saa nane. "Wameipokea barua," alisema. "Wamenipa wiki mbili. Jina langu lisipoonekana ndani ya wiki mbili, basi."

Wiki mbili hizo zilikuwa ndefu kuliko miezi minane. Mama Mashuka alijaza taarifa zote nane, mhasibu akiwa kando yake akimsahihisha. Alimrudishia wifi laki moja na elfu sitini, akamsainisha. Pesa zilitoka kwenye akiba ya mashine ya kukaushia. Wifi alizihesabu mara mbili mbele yake, bila haya.

"Nimesogea mbali kidogo na lile neno," alisema.

"Kidogo?"

"Mzee Pasi bado."

Siku ya tisa ya kazi, hakukuwa na kitu. Mzee Pasi alichungulia ukurasa wake wa kodi kwenye simu mara nne, kisha akaiweka chini ya rundo la taulo ili asiione. Siku ya kumi, asubuhi, hakuna. Saa saba, hakuna. Saa tisa alifuta mikono, akatoa simu, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Alikaa muda mrefu.

"Januari," alisoma hatimaye. "Februari. Machi." Alisoma miezi yote minane, mmoja mmoja, kwa sauti, na kila mwezi na kodi yake. Wifi alifunga bomba ili wasikie vizuri.

"Zimo zote," alisema.

Mama Mashuka akaketi sakafuni, juu ya mashuka machafu.

Mkopo ulitoka Jumatano iliyofuata. Faini ilikubaliwa ilipwe kwa awamu tatu. Iliuma, na mashine ya kukaushia ikasogezwa hadi mwaka mwingine. Mlango wa biashara haukufungwa. Tangu hapo jedwali la kodi limebandikwa ukutani juu ya droo. Kila mwezi, kabla ya tarehe ya mwisho, Mama Mashuka hutuma taarifa kwanza, kisha hulipa kwenye mstari wa nne, na husoma risiti yote. Akiwa hana hakika, huvuka ua na kuuliza. Nawe uliza. Ofisi ya kodi iliyo karibu nawe ina jedwali lake na tarehe zake, na kuuliza hakutozwi kitu.

Mwisho wa mwezi wa tisa aliwapa wafanyakazi wake hati za mshahara kwa mara ya kwanza, kila mmoja karatasi yake: mshahara, saa za ziada, makato, kilichobaki. Wifi aliangalia mstari wa mwisho tu, akaikunja. Mzee Pasi alivaa miwani, akaanza juu kabisa.

"Hapa kodi ni arobaini na nne. Zamani ilikuwa arobaini."

"Saa za ziada zimeingia. Zamani niliziacha nje."

"Na hapa?"

"Hiyo ni namba yako ya mlipa kodi. Ilinganishe na kadi yako."

Akatoa kadi, akailinganisha tarakimu kwa tarakimu, wakati wateja wawili wakisubiri mlangoni. Kisha akasaini.

"Siku ile niliuliza vibaya," alisema.

"Uliuliza vizuri. Mimi ndiye niliyekuwa sina jibu."

"Basi mwezi ujao nitauliza tena."

"Uliza," alisema Mama Mashuka, akageuka kuwapokea wateja.