Namba Iliyotoka Kwenye Karatasi

Saa kumi na mbili jioni Mbaluka alishuka hadi maegesho ya chini ya jumba moja la ghorofa Kilimani, penseli na karatasi nyembamba mfukoni. Kazi yake ilikuwa kukagua magari ya zamani na kutia sahihi kwamba ni orijino. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yake ilikuwa bado haijaisha.

Mama Kavutha, mjane, alimngoja kando ya Pijo nyeupe ya marehemu mumewe. Mnunuzi alishapatikana, alisema, ila anataka karatasi ya mkaguzi.

"Hii tangi ya pili ilitoka nayo kiwandani, ama ni mafundi wa Dagoretti waliongeza?"

Mbaluka aliinama na tochi. "Ni ya kiwanda, mama. Hata hizi springi ngumu ni zake. Gari kama hii hupati tena."

"Na namba ya chesisi?"

Akaisoma, akailinganisha na logibuku, kitabu cha usajili wa gari. "Iko sawa."

"Usisome na macho tu. Isugue."

Hilo lilimuudhi. Mkaguzi huweka karatasi juu ya namba, akasugua kwa penseli mpaka tarakimu zitokee, maana macho hudanganyika. Alifanya hivyo kila mara, isipokuwa mara moja mwaka jana, alipotia sahihi kwa kutazama picha ya simu ili kumridhisha rafiki. Gari lile lilikuwa vipande viwili vilivyoungwa. Lilikatika barabarani, likamuua Nzembi, msichana aliyeliendesha. Mbaluka alikana. Alisema sahihi ile ilighushiwa, na watu wakamwamini.

Akasugua.

Tarakimu zilitoka moja moja... si zile alizosoma.

Zilikuwa za gari lile.

Harufu ya mpira ulioungua ikamjaa puani. Injini, ambayo haikuwa imewashwa, ikaanza kulia tik... tik... tik, kama inayopoa baada ya safari.

"Unaijua hiyo namba?" Mama Kavutha alinong'ona.

"Hapana."

"Nzembi alikuwa mtoto wangu."

Akafungua buti. Ndani mlikuwa na kifurushi cha ngozi kilichokazwa kwa kamba. Mbaluka ni Mkamba, hakuhitaji kuelezwa. Kithitu. Ukikiapia uongo kinaanza na watu wa nyumbani kwako, na wewe kinakuacha mwisho ili uone.

"Weka mkono. Sema ukweli, uende zako. Sitakushtaki."

Angesema. Maneno matatu tu. Lakini aliogopa jina lake kuchafuka, jina ambalo tayari lilikuwa limeoza.

Akaweka mkono juu ya kifurushi. "Sahihi haikuwa yangu."

Mama Kavutha alifunga buti taratibu, akaanza kulia.

Mbaluka alikuwa amefika getini simu ilipoita. Kamene, binti yake wa pekee, alikuwa anatoka kazini Westlands.

"Daddy, usinikujie. Nimepata lifti."

"Ya nani?"

"Msichana flani. Ako na Pijo ya zamani, nyeupe. Anasema mnajuana."

Mbaluka aligeuka, akakimbia kurudi chini. Hakuna gari lililompita getini. Mama Kavutha alikuwa amesimama peke yake, na mbele yake, pale Pijo ilipokuwa, doa la mafuta tu sakafuni.

"Kamene, shuka. Shuka sasa hivi."

"Mlango haifunguki, Daddy..."

Kisha sauti nyingine, ya upole, karibu kabisa na simu.

"Mwambie asijali. Hii gari ni yeye aliikagua."