Siku Mlingoti Aliposhika Usukani

Kila Jumamosi ya likizo, kazi ya kwanza ya Mlingoti ilikuwa kufuta kioo cha mbele cha ndege. Hakuhitaji ngazi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu tu, lakini tayari alikuwa amempita mama yake kwa kimo, na ndiyo sababu wenzake darasani walimpa jina hilo. Alichovya kitambaa ndooni, akakikamua, akaanza kusugua wadudu walioganda kwenye kioo. Mjomba wake, rubani, alikuwa akiizunguka ndege polepole huku akigusa kila kitu: ncha ya bawa, gurudumu, pangaboi la puani.

Alipomaliza kuzunguka, mjomba alikuwa na kawaida ya kuuliza, "Umefuta au umepaka?"

"Nimefuta. Mwenye macho ataona," Mlingoti humjibu.

Siku hiyo swali halikuja. Mlingoti alipogeuka alimkuta mjomba amesimama chini ya bawa, mkono mmoja ameuegemeza kwenye chuma, mwingine ameukandamiza kifuani. Jasho lilikuwa limelowesha kola ya shati lake jeupe, na ilikuwa saa mbili kasoro robo asubuhi, jua halijapata hata nguvu.

"Mjomba?"

"Kiungulia." Alijaribu kutabasamu. "Nimekula huku nakimbia. Kitapita."

"Nimwite mama?"

Mama yake alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, akikaza mikanda ya kasha la chanjo. Alikuwa muuguzi. Kila Jumamosi ndege ile ya viti vinne ilimpeleka kwenye zahanati iliyokuwa ng'ambo ya milima, ambako barabara ilikatika tangu mvua za mwaka uliopita. Mlingoti alikwenda naye kumsaidia kujaza kadi za watoto.

"Usimtie mama yako wasiwasi," mjomba alinong'ona. "Si unamjua? Atanikalisha hapahapa anipime presha, aniulize nililala saa ngapi, na watoto wa watu wakose chanjo. Hii ni yetu sisi wawili. Sawa?"

Mlingoti alitaka kusema kwamba si sawa. Lakini huyu ndiye mjomba aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Amerusha ndege tangu kabla yeye hajazaliwa. Mtoto anaanzaje kumwambia mtu kama huyo kwamba haonekani mzima?

"Sawa," akajibu.

Waliruka. Mama alikaa kiti cha nyuma, kasha la chanjo pembeni yake, macho ameyafumba. Mama alizoea damu, alizoea vidonda, lakini ndege hakuizoea. Mlingoti alikaa mbele, upande wa kulia wa mjomba, mahali ambapo palikuwa na usukani wa pili. Siku za utulivu mjomba humwachia aushike kidogo. Humfundisha kuilinganisha pua ya ndege na mstari ambapo mbingu hukutana na ardhi, na humtajia kazi ya kila saa ya kipimo iliyo mbele yao: hii ya mwendo, hii ya kimo, hii ya mafuta.

Leo mjomba hakutaja kitu. Mlingoti alimtazama, akatazama nje, akamtazama tena. Goti lake lilikuwa likirukaruka lenyewe. Aligeuka nyuma, akafungua mdomo, akaufunga. Baada ya dakika mbili akageuka tena.

"Wewe mtoto, mbona hutulii?" mama alimuuliza bila kufumbua macho. "Umekalia upupu?"

"Hamna kitu, mama."

Walikuwa wamelivuka bonde la kwanza mjomba alipotoa sauti nzito, kama mtu anayenyanyua mzigo. "Mlingoti," alisema, "shika." Kisha akaanguka mbele, kifua juu ya usukani.

Pua ya ndege iliinama. Milima ikajaa kioo kizima. Mlingoti aliushika usukani wake akavuta, lakini uzito wa mjomba ulikuwa unasukuma upande mwingine.

"Mama, mvute. Ameulalia usukani. Mvute kwako."

Mama alikuwa amekwisha kufungua mkanda. Alimkamata kaka yake kwapani, akamvuta nyuma kwa nguvu ambazo Mlingoti hakujua kama anazo, akakilaza kiti chake nyuma. Usukani ukawa mwepesi ghafla. Mlingoti akavuta taratibu, mpaka mstari wa mbingu na ardhi ukashuka tena mahali pake.

Mama aliweka vidole shingoni mwa mjomba. "Mapigo yapo. Dhaifu sana." Akamfungua vifungo vya shati. "Ni moyo huu. Jamani, kaka." Halafu akatazama mbele, na kwa mara ya kwanza aliona nani ameshika ndege. "Toka hapo nikae mimi."

"Mama, wewe tukiruka hata macho hufumbui."

Mkono mmoja wa mama ulikuwa bado umekishikilia kichwa cha mjomba kisianguke.

"Na huyu nikimwachia tutampoteza," alisema, kama anayeongea peke yake. "Basi shika, mwanangu. Wewe tazama mbele, mimi nitamtazama huyu. Waite watu kwenye redio."

Mlingoti alivaa hedifoni vizuri, akabonyeza kitufe kilichokuwa kwenye usukani. "Tusaidieni. Rubani anaumwa. Tuko angani, mimi na mama. Tusaidieni."

Hakukuwa na jibu. Alisema tena. Kimya. Akasema mara ya tatu.

"Hawajibu?" mama aliuliza.

"Hawajibu. Hakuna mtu."

Mama alinyoosha shingo. "Hicho kidole mbona bado umekibana?"

Mlingoti alitazama. Kidole gumba kilikuwa cheupe kwa jinsi alivyokikandamiza. Mjomba alikuwa amemwambia mara nyingi: bonyeza, sema, achia, maana ukiendelea kubonyeza huwezi kusikia. Aliachia. Sauti ya mwanamume ikaingia masikioni mwake katikati ya maneno.

"...nakusikia, achia kitufe. Nakusikia, binti, achia kitufe."

"Nimeachia."

"Vizuri. Mimi ni mwongoza ndege, nipo kwenye mnara wa uwanja mlikotoka. Zamani nilikuwa nafundisha marubani, kwa hiyo una bahati. Unaitwa nani?"

"Mlingoti."

"Hilo ni jina au kimo?"

"Vyote viwili."

"Basi miguu yako itafika kwenye pedali. Wapo walionijia wakubwa kwa umri na miguu haifiki. Nisomee saa ya mwendo."

Alisoma. Akasoma ya kimo. Mwongoza ndege alimwambia kwamba uwanja wa zahanati ni mfupi mno, kwa hiyo watarudi. Alimwelekeza aulaze usukani kushoto kidogo tu, kama mtu anayegeuza sahani yenye mchuzi, mpaka auone mto upande wa kulia. Ndege ilizunguka. Mikono ya Mlingoti ilikuwa imelowa jasho, na kila alipotaka kuipangusa aliogopa kuuachia usukani.

"Sasa nina swali la daktari," sauti ilisema. "Ambulansi iko hapa na hospitali wako kwenye simu. Wanauliza maumivu yalianza saa ngapi."

Mlingoti alimwambia mama. Mama alijibu kwa sauti ya juu ili ishinde injini. "Waambie yameanza sasa hivi. Dakika kumi zilizopita."

Mlingoti hakubonyeza kitufe.

"Waambie basi."

"Lazima wajue saa yenyewe kabisa?"

"Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda wanaitoa kwa kuangalia saa. Wakikosea, inaweza kumuua. Kwa nini unauliza?"

Kulia kwao mto ulimetameta. Mlingoti alihisi kama ndege nzima imekaa kifuani mwake. Akiendelea kunyamaza, mjomba angelindwa asigombezwe, na angeweza kufa. Akisema, mama angejua kwamba binti yake aliona na akakaa kimya hatua kumi kutoka kwake.

Alibonyeza kitufe. Alisema kwa sauti iliyotosha kusikika kwenye redio na kiti cha nyuma. "Hayakuanza sasa. Yalianza kabla hatujaruka, saa mbili kasoro robo. Nilimwona ameshika kifua na anatokwa na jasho. Alisema ni kiungulia. Aliniambia nisimwambie mama, na mimi sikumwambia."

Akaachia.

"Saa mbili kasoro robo," mwongoza ndege alirudia. "Nimeandika. Asante, Mlingoti. Sasa tuishushe hiyo ndege."

Mlingoti hakuthubutu kugeuka. Kisha mkono wa mama ukamgusa begani, ukakaa hapo kidogo, ukarudi kwa mgonjwa.

Uwanja ulionekana kama mkanda mwembamba uliosahauliwa juu ya nyasi. Mwongoza ndege hakuacha kuongea. Rudisha kile kishikio cheusi kidogo, injini ipungue nguvu. Pua chini kidogo. Mwendo usishuke chini ya sabini. Soma. Themanini. Soma. Sabini na tano. Uwanja ukienda kushoto, nenda nao kushoto.

"Nakuja kwa kasi mno," Mlingoti alisema.

"Kila mtu huona hivyo mara ya kwanza. Tazama mwisho wa uwanja, usitazame chini. Sasa rudisha cheusi chote. Vuta usukani. Polepole, kama unafungua droo iliyojaa vyombo vya kioo. Vuta. Subiri. Usiwe na haraka."

Magurudumu yaligonga. Ndege iliruka juu tena, kisha ikagonga mara ya pili na kubaki chini. Ilikimbia, ikapinda kuelekea kulia. Alikanyaga pedali mbili kwa ncha za vidole kama alivyoagizwa, nyasi zikaanza kukatikakatika chini ya mabawa, kila kitu kikatikisika, halafu kikatulia.

"Vuta kishikio chekundu mpaka mwisho," sauti ilisema.

Alivuta. Pangaboi likasimama. Ndipo aliposikia mama yake akilia nyuma, kimyakimya, huku bado anamhesabia mjomba mapigo.

Hospitalini waliambiwa wasubiri. Mlingoti hakuweza kukaa. Alikwenda mpaka dirishani, akarudi, akaenda tena. Watu waliokuwa wamesikia habari walimpa mkono na kumwita shujaa, na kila alipoitwa hivyo alitazama viatu vyake. Hatimaye daktari akatoka. Alisema dawa imefanya kazi, na kwamba ile saa waliyoambiwa ndiyo iliyowawezesha kumpa dawa sahihi bila kubahatisha.

Daktari alipoondoka, Mlingoti alisubiri kugombezwa. Mama alikuwa na methali aliyowaambia wagonjwa wake kila siku, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na Mlingoti alijua inakuja. Haikuja.

"Ningekwambia pale chini tusingeruka kabisa," Mlingoti alisema mwenyewe.

"Ndiyo," mama akajibu. "Tusingeruka."

"Umenikasirikia?"

"Nimekasirika. Lakini hasira yangu nyingi ni ya mtu mwingine. Kaa basi, unanizungusha kichwa."

Kesho yake waliruhusiwa kumwona. Mjomba alikuwa ameegemezwa mito, waya zimebandikwa kifuani, uso umepungua. Alipowaona tu, akaanza mzaha wake.

"Rubani mwenzangu. Nasikia umelima nyasi za uwanja kwa magurudumu yangu."

Mama alicheka kidogo. Mlingoti hakucheka.

"Na ulishuka kwa kudundadunda kama mpira. Dada, huyu mtoto tumpe leseni au tumpe timu?"

"Mjomba," Mlingoti alisema.

"Hicho kiungulia nacho kilikuwa kikali. Nadhani ni yale maandazi."

"Mjomba, acha." Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, na mama akageuka kumtazama. "Hukuwa na kiungulia. Wewe ulijua. Mimi pia nilijua, nikanyamaza kwa sababu uliniambia, na mama alikuwa pale pale. Ungekufa na mimi ningekuwa nimeificha hiyo siri yako. Ningekwenda nayo wapi?"

Mzaha ulimwisha mjomba usoni. Alitazama waya zake, akatazama dirishani, vidole vikichezea ncha ya shuka. Mama alivuta kiti akakaa.

"Maumivu yalinianza tangu mwezi uliopita," mjomba alisema mwishowe, polepole. "Yanakuja, yanakwenda. Kipimo changu cha afya kilikuwa kimekaribia, na nilijua wakinipima wataninyang'anya ndege. Niliogopa. Mtu mzima mzima, niliogopa kumwambia hata dada yangu ambaye kazi yake ni kutibu watu. Badala ya kuubeba woga wangu mwenyewe, nikautwika mtoto." Alimwashiria Mlingoti asogee, akamshika mkono. "Sikiliza, na maisha yako yote ukumbuke. Heshima si kumfichia mkubwa ugonjwa wake. Mtu yeyote akikuambia usiseme kwamba anaumwa, hata akiwa mimi, sema siku hiyo hiyo. Nilikosea, Mlingoti. Nisamehe."