Shosti Alinichongea Mbele ya Mteja

"Kosa ni la huyu hapa! Fomula ya dozi za watoto kaandika yeye!"

Kidole kilichonielekea kilikuwa cha Shosti wangu. Tunapanga nyumba moja, tunakaa meza moja kazini. Jamani!

Mezani simu ilikuwa kwenye spika. Upande wa pili alikuwepo sista mkuu wa wodi ya watoto, kwenye hospitali inayotumia mfumo wetu wa kupiga hesabu za dozi.

"Mtoto wa kilo nane, mfumo wenu unaniambia nimpe dozi ya mtu mzima!" alifoka. "Nisingehesabu kwa mkono, ningemuua!"

Bosi alikuwa ameanza kumtuliza, eti labda wamekosea kuingiza kilo, waendelee tu kuutumia. Hapo ndipo Shosti aliponichongea.

Sasa mkataba wetu na hospitali uko hivi: mfanyakazi akitajwa kwa kosa mbele ya mteja, mfumo unazimwa papo hapo mpaka kazi yake ikaguliwe.

Bosi akazima huku ananikata jicho.

"Kagua. Ikiwa ni wewe, chukua begi lako kabisa."

Nikakaa kwenye kompyuta, wote wamenisimamia mgongoni. 

Wasomaji wangu, fomula yangu ilikuwa safi. Unaipa kilo, inakupa dozi, basi. Haikumbuki kitu, haigusi kitu. Nikaijaribu peke yake.

Sahihi!

Nikaijaribu ndani ya mfumo.

Dozi ya mtu mzima!

"Haiwezekani..." nilinong'ona.

"Inawezekana, tunaiona," Bosi akajibu.

Nikafungua sehemu tunayoiita Mgawaji. Huu ni mtambo ambao mfumo ukiwashwa, unakigawia kila kipande cha programu kitu kinachokihitaji. Kipande cha wodi kikisema "nipe fomula," Mgawaji ndiye anayeileta.

Nikaona kosa!

Mgawaji hasomi jina la fomula. Anaangalia umbo tu, yaani kinachoingia na kinachotoka. Ya watoto inaingiza kilo, inatoa dozi. Ya watu wazima vilevile! Akikuta mbili za umbo moja, anashika iliyoandikishwa mwisho.

Na iliyoandikishwa mwisho ilikuwa ya watu wazima.

Ya Shosti!

Niliinuka kama nimechomwa.

"Nyoka wewe! Umefunika fomula yangu kwa yako, halafu unanisingizia? Nakula na wewe, nalala nyumba moja na wewe!"

Ofisi nzima ikageuka. Shosti machozi yanamlengalenga tu.

"Dada, hebu ngoja," spika ikasema. Kumbe sista hakukata simu! "Sauti ya huyo mwenzako naijua. Ndiye aliyenipigia asubuhi."

"Kukwambia nini?" nikauliza.

"Nihesabu kwa mkono kabla ya kumchoma mtoto yeyote."

Nikamgeukia Shosti.

Shosti akafuta macho.

"Asubuhi niliona dozi za watoto hazieleweki. Sikujua chanzo ni nini. Nikamwambia Bosi. Akasema mfumo usizimwe, tutarekebisha baadaye, na nifunge mdomo."

Bosi akaanza kuchezea kalamu.

"Si ungejitaja mwenyewe?" niliuliza.

"Ningejitaja, wangekagua kazi yangu. Na yangu peke yake iko sawa. Mfumo ungewashwa tena. Nilitaka waguse ya watoto, ndiko dozi zinakoharibika."

"Na mimi ungeniambia basi!"

"Wewe? Uso wako haufichi kitu. Bosi angejua kabla hujafungua mdomo."

Nilikaa chini. 

Nikaivisha kila fomula ganda lake lenye jina, ambalo kwa Mgawaji ni sehemu ya umbo: hii DoziYaMtoto, hii DoziYaMtuMzima, ili Mgawaji asipate pa kubahatisha. Mfumo ukawashwa. Sista akaingiza kilo nane.

"Sahihi," akasema. "Sasa naomba nizungumze na mkubwa wa huyo Bosi wenu."

Ndugu zangu mnaoandika programu, fomula mbili zikifanana umbo, msiuachie mtambo uchague. Zipeni maganda yenye majina. Na nyie msioandika, mtu akikuchongea ghafla, mwulize kwanza anamkinga nani. Mimi sikuuliza.

Shosti, samahani niliyokuomba nyumbani jikoni uliipokea ukacheka, ukasema yameisha. Kwangu hayajaisha. Nilikuita nyoka mbele za watu, kwa hiyo nakuomba radhi hapa, mbele za watu.