Aliyepandia Thika Road

Pikapu ilikuwa imezimwa tangu adhuhuri, lakini Ridwan alipotoka msikitini baada ya sala ya alasiri na kufungua geti la nyumba yake pale Wabera, mjini Isiolo, alisikia indiketa ikilia. Tik. Tik. Tik. Akazunguka mbele ya gari. Hakuna taa iliyowaka. Akatega sikio juu ya boneti, chuma kikamuunguza shavu, na ile sauti ikaendelea polepole, kama ya dereva mstaarabu anayengoja kupewa nafasi.

Akachomoa waya wa betri. Ikanyamaza. Akajiambia ni shoti.

Ndani alimkuta mama yake, Fosia, ameketi mkekani na tasbihi mkononi. Tasbihi haikusogea. Kilichosogea ni ulimi wake. Tik. Tik. Tik.

"Hooyo?" akamwita, kama alivyozoea kumwita mama tangu utotoni.

Mama akashtuka kama aliyeamshwa. "Mbona umeingia na viatu?" akauliza, kisha akashika bega lake la kushoto. "Kuna mvua huko nje?"

Isiolo haikuwa imeona tone la mvua kwa miezi minne.

Ridwan alikuwa mtu wa barabara, mjukuu wa watu wa barabara. Wazee wake, Wasomali, waliletwa Isiolo wakiwa askari wa Mwingereza, wakabaki, na watoto wao wakawa wachuuzi na madereva. Yeye alibeba maziwa ya ngamia. Akina mama wa Garbatulla walimletea mitungi jioni, naye akaifikisha Eastleigh, Nairobi, asubuhi kabla joto halijayageuza. Miaka kumi na minne kila safari mama yake alisimama getini, akaweka kiganja juu ya kioo cha gari na kumsomea dua.

Na alikuwa dereva mzuri, watu wote walisema hivyo. Vijana waliotaka kujifunza kuingia Nairobi walipelekwa kwake, naye aliwaambia: Thika Road huendeshi gari lako pekee, unaendesha na la mbele na la nyuma. Acha nafasi. Mwenzako akiingia kwenye hiyo nafasi, usikasirike, acha nyingine. Kaa kwenye leni yako. Na pembeni pale, nje ya mstari, si barabara. Ni mahali pa watu walioharibikiwa.

Aliyajua hayo yote. Hilo ndilo lililomtafuna.

Siku kumi na moja kabla ya hapo alikuta Thika Road imefunga kabisa. Mvua ilikuwa inanyesha, magari yameshikana kama siafu, waipa zinapiga, na mteja wake alikuwa anampigia simu kila baada ya dakika mbili. Ridwan alitazama pembeni, akaona pamebaki wazi. Wengine walikuwa wamepita hapo. Akakata kushoto bila indiketa, simu sikioni. "Nimefika, walahi nimefika," alimwambia mteja. "Dakika tano tu."

Mwanamume aliyevaa koti la mvua la njano alikuwa anasukuma pikipiki iliyokufa.

Mlio haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtungi mtupu ulioangushwa. Katika kioo cha pembeni Ridwan alimwona yule mtu akijiinua, akaketi kwenye maji, akanyoosha mkono juu. Basi alijua kwamba yu hai. Alijua. Akarudisha gari kwenye leni, na mwenye lori moja akamwachia nafasi, naye Ridwan, kwa mazoea ya adabu, akamwashia taa mbili za nyuma kumshukuru.

Nyumbani mkewe, Saadia, aliuliza juu ya taa ya gari iliyovunjika. Akamjibu, "Mbuzi."

Tangu siku ile ya tasbihi nyumba ikaanza kunuka lami iliyolowa, ile harufu ya mvua ya kwanza iliyochanganyika na petroli, ingawa madirisha yalikuwa wazi na upepo ulileta vumbi tupu. Saadia alifua mito mara tatu. Alipomsaidia mama mkwe kubadili nguo alikuta bega la kushoto la dera limelowa chepechepe, na alipolikamua yakatoka maji meusi yenye changarawe.

"Baba Fathia," alimnong'oneza mumewe jikoni, "mama yako ana kitu. Leo ameniomba koti la mvua. Nimemuuliza la rangi gani, akasema la njano."

Ridwan akaendelea kunywa chai iliyokuwa imeisha kikombeni.

Ijumaa, wakati wa chakula cha mchana, Fosia aliacha kula. Akainuka kidogo pale mkekani kwa shida, kama mtu aliyevunjika nyonga, akaketi tena, akanyoosha mkono wa kulia juu, vidole vimetanuka, na macho yake yakamtafuta mwanawe katikati ya wale watu wote waliokuwa wakila, yakampata, yakatulia juu yake, na mkono haukushuka, haukushuka mpaka wali ukapoa na watoto wakaanza kulia na Saadia akawatoa nje mmoja mmoja. Ridwan alikuwa amewahi kuuona mkono ule mara moja tu, katika kioo kidogo, ukizidi kuwa mdogo.

Jioni hiyo hiyo Saadia alimwita Sheikh Mako.

Alikuwa Mborana mfupi, mfugaji wa ngamia huko Garbatulla, mwenye kusomea wagonjwa Kurani bila kutaka makuu. Hakuja na ubani wala kitambaa chekundu. Alikuja na bakuli la maji, akaketi mbele ya Fosia, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Alisoma muda mrefu. Fosia alitulia tuli. Kisha akafungua mdomo na sauti iliyotoka haikuwa ya mwanamke, wala haikuwa ya mgeni.

"Nimefika, walahi nimefika. Dakika tano tu."

Saadia akageuka kumtazama mumewe. Sauti ilikuwa ya Ridwan, kikohozi chake kidogo kikiwemo, ikitoka katika kinywa cha mama aliyemzaa, na ikarudia, na ikarudia tena, na katikati ya maneno kulisikika mvua juu ya bati la gari, na honi, na waipa, mpaka sebule ikawa kama imejaa magari na Ridwan akajikuta ameukandamiza mguu wake wa kulia sakafuni akitafuta breki.

"Umepanda wapi?" Sheikh akakiuliza kile kitu.

"Aliponiachia mlango," ikajibu sauti ya Ridwan. "Nirudishe nilipopandia."

Sheikh akamgeukia Ridwan. Aliongea kwa upole, na huo upole ndio uliomvunja. "Ndugu yangu, maiti harudi. Huyu si mtu aliyekufa. Huyu ni jini wa njia, na jini wa njia hupenda mtu mwenye kitu alichoficha. Mimi sijui ni nini. Lakini ukiendelea kukificha, mama huyu utamzika."

Ridwan akasema. Alisema akiangalia mkeka, kutoka simu mpaka zile taa za kushukuru. Alipofika kwenye mkono ulioinuliwa hakuweza kuendelea, na haikuhitajika. Nyumba nzima ilikuwa imeuona mchana.

Saadia hakulia. "Uliniambia mbuzi," alisema tu.

Waliondoka kabla ya alfajiri. Pikapu ilikuwa ya milango minne: mama mbele, amefungwa mkanda, Sheikh na Saadia nyuma. Fosia alilala njia nzima. Walipoingia Thika Road ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, kweupe, hakuna wingu, na magari yalikuwa yamejaa leni zote mpaka jicho linapochoka.

Hapo mama akaamka.

"Sikiliza," Sheikh akasema kutoka nyuma. "Atataka ufanye tena. Ukifanya, hashuki milele. Kaa kwenye leni yako, usikilize mimi, usimsikilize yeye."

Ridwan akakaa leni ya kushoto. Akaacha nafasi mbele. Gari dogo la Probox likaingia kwenye nafasi, akaacha nyingine. Nyuma akapigiwa honi.

"Mwanangu," mama akasema. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya asubuhi zote zile za getini. "Mwanangu, kifua."

"Hooyo, vumilia."

"Siwezi kupumua. Kuna hospitali hapo mbele, naiona. Pembeni pako wazi, Ridwan. Pita."

Aligeuka kidogo akamwona: midomo imekuwa rangi ya majivu, mkono umeng'ang'ania mkanda, macho ni ya mama yake, hayakuwa ya mwingine yeyote. "Sheikh, huyu ni yeye!" akapiga kelele. "Huyu ni mama!"

"Kaa kwenye leni."

"Anakufa!"

"Baba Fathia," Saadia akalia, naye sasa hakujua tena, "labda ni yeye kweli, labda tumpeleke..."

Mama akaanza kukoroma, koo likivuta hewa isiyokuja, na kwa kila mkoromo ulimi wake ulipiga tik, na ile harufu ya mvua ikajaa gari mpaka vioo vikapata ukungu kwa ndani juani, na upande wa kushoto, nje ya ule mstari wa njano, njia ilinyooka nyeupe na tupu kama iliyofagiliwa kwa ajili yake, bila gari, bila mtu, bila hata mbwa, na Ridwan alihisi usukani ukivutwa taratibu chini ya vidole vyake kama mtoto anavyovuta nguo ya mzazi, na akajua kwamba mtu anayemwacha mama yake afe kwa sababu ya mstari wa rangi ni mnyama, na akajua pia kwamba mwenzake mmoja aliachwa hapa hapa kwa sababu ya maziwa, na akakanyaga breki, akasimamisha gari katikati ya leni yake, akawasha taa zote za tahadhari, akashika usukani kwa mikono miwili akipiga kelele shahada.

Akafuta ukungu wa kioo kwa kiwiko.

Pembeni hapakuwa patupu. Wanawake watano wa kufagia barabara, na majaketi yao ya kijani, walikuwa wameinama hatua mbili kutoka kwenye gari lake, mmoja na mtoto mgongoni. Yule wa karibu aliinua macho, akashangaa kuona dereva anamlilia.

Mama akavuta pumzi moja ndefu. Mlango wake ukafunguka na kujifunga, kwa ustaarabu kabisa, na gari likainuka kidogo kama linavyoinuka abiria mzito akishuka.

"Ridwan," Fosia akasema, akitazama magari kwa mshangao. "Tuko wapi? Nani amenileta Nairobi na nguo za kulalia?"

Waliegesha kwenye kituo cha petroli kilichofuata na kurudi kwa miguu. Hatua chache kutoka walipokuwa wanawake wale kulikuwa na jiko la mahindi ya kuchoma. Mwenyewe aliitwa Nyaguthii. Ridwan alimsalimia, akamuuliza kuhusu mtu wa pikipiki, wa siku ile ya mvua.

"Gichuki?" Nyaguthii akasema. "Fundi wa mabomba. Wewe ni wa kwao?"

"Hapana."

Alimtazama vizuri. Aliendelea kugeuza mahindi. "Alikaa pale. Karibu saa nzima amekaa, anaongea na sisi vizuri tu, anasema ni mguu. Tulisimamisha magari, nani asimame kwenye jam? Akaanza kusikia baridi. Daktari alisema damu ilikuwa inavujia ndani. Angefikishwa mapema..." Akapuliza makaa. "Alikuwa ananyoosha mkono, unajua. Alisema huyo dereva amemwona kwa kioo, atageuza gari. Mpaka mwisho alisema atageuza."

Fosia alikuwa amesimama nyuma ya mwanawe, amejifunika shuka la Saadia. Hakuna aliyekuwa amemweleza lolote, lakini alisikia, na alimzaa mtu huyu.

"Ni wewe?" aliuliza kwa Kisomali.

"Ni mimi, hooyo."

"Kila safari nilikuombea urudi salama," mama akasema. "Mama yake naye aliomba hivyo hivyo." Akaondoa mkono wake kwenye mkono wa mwanawe, akaenda kushikwa na Saadia.

Kwenye kituo cha polisi, afande Kate wa trafiki alimsikiliza bila kumkatiza. Nyaguthii alikuja pia. Alisema ameona na anataka kuandikwa. Alipomaliza kueleza, afande alikunja uso, akasoma alichoandika, akamuuliza tena kwa Kikuyu, akajibiwa vile vile.

"Bwana Ridwan, umesema ulikuwa na nani kwenye gari?"

"Peke yangu."

"Huyu mama wa mahindi anasema mlikuwa wawili. Aliyekaa kando yako alikuwa anakuonyesha kwa kidole pale pembeni, kabla hujatoka kwenye leni. Anasema alimwona vizuri, kioo kilikuwa wazi na mvua ilikuwa inamnyeshea."

Sheikh Mako aliinamisha kichwa. Midomo yake ilikuwa inasoma. Saadia alimtazama mumewe, na Ridwan aliona machoni mwake tumaini dogo likiwaka, tumaini la mke: kwamba basi, kama kilikuwemo tangu kabla, kama ndicho kilichomwonyesha njia, labda mkono uliokata usukani haukuwa wake. Naye alilihisi likimjia, jepesi na tamu, pembeni palipo wazi pa kupita.

"Kama kuna mwingine, sema sasa," afande akasema. "Kesi inabadilika."

"Andika nilikuwa peke yangu," Ridwan alisema. "Aliyekata kona ni mimi. Aliyemwona kwenye kioo ni mimi."

Afande akaandika. Nyaguthii akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeona alichokiona, na akauliza kama anaweza kwenda, kwa maana ameacha jiko lake kando ya barabara na hakuna wa kuliangalia.