Fundi Aliyebaki Duka la Zamani

Hili lilimpata fundi cherehani wa mtaa wetu, na halijatiwa chumvi. Watu walimwita Mama Pindo, maana hakuna aliyejua kukunja pindo la gauni kama yeye.

Walipokuja wataalamu kueleza kwamba katikati ya mji patajengwa upya kwa maghorofa ya vioo, wakazi walinung'unika. Wazee watapandaje ngazi? Watu watakaa wapi kupiga soga, juu ya vioo? Mama Pindo peke yake ndiye aliyesimama akaunga mkono. Vumbi lilikuwa limemchosha. Akahamishia kazi yake ghorofa ya pili ya jengo jipya na cherehani ya umeme, na ile ya kukanyaga aliyorithi kwa mama yake akaitelekeza katika duka lake la zamani, asije akaaibika mbele ya majirani wapya. Safu ya maduka ya zamani ikazungushiwa mabati, ikisubiri kubomolewa.

Wateja hawakupanda. Alishinda akifuta vioo na kutazama chini njiani, hadi alasiri moja alipomwona bibi mmoja, mteja wake wa miaka mingi, anapita na gauni jipya. Akashuka mbio.

"Shikamoo, bibi. Gauni limekukaa. Nani kakushonea?"

"Marahaba, mwanangu. Si wewe juzi? Pale pale dukani kwako."

Mama Pindo akageuza pindo. Mshono ulikuwa wake.

Mtu kajibanza dukani kwake, kashika cherehani ya mama yake, kaiga hadi mkono wake! Na nyumbani kulikuwa na kubwa zaidi. Mumewe, fundi redio, siku hizo alirudi akicheka peke yake.

"Leo umenivunja mbavu, mke wangu," alisema akivua viatu. "Ule utani wako wa zamani umerudi."

Mchana kutwa hawakuwa wameonana. Usiku huo Mama Pindo hakulala. Ni mwanamke gani huyo anayemchekesha mume wangu kuliko mimi?

Kesho yake mchana, jua likiwaka, akapenya kwenye mabati. Mwisho wa safu kulikuwa na tingatinga, dereva wake kivulini akimalizia chakula. Dukani kwake kulisikika cherehani ya kukanyaga. Akachungulia dirishani.

Mumewe alikuwa kwenye benchi. Bibi yupo. Wateja wake wote wapo. Mwanamke mmoja aliyewapa mgongo alikuwa akishona na kusimulia, nao wako hoi kwa kicheko. Mama Pindo hakuogopa. Aliona wivu. Akasukuma mlango aende akamng'oe nywele.

Kimya.

Benchi tupu. Vumbi. Mwanamke yule peke yake.

Akageuka. Uso ulikuwa wa Mama Pindo mwenyewe, ila wenye furaha.

"Ulinitupa huku," alinong'ona. "Sasa kaa wewe."

Akampita, akatoka. Mlango ukajifunga. Nje, tingatinga likanguruma.

Dereva aliapa kwamba alichungulia kila duka kabla ya kuanza kubomoa, na hakuona mtu.

Jioni Mama Pindo alijikuta nje ya mlango wa nyumba yake. Hakukumbuka alivyofika. Akagonga. Mkono wake haukutoa sauti. Akagonga kwa viganja vyote viwili. Ndani mumewe alikuwa akicheka.

"Kama kuna mtu mlangoni," mumewe alisema.

"Hakuna mtu," sauti ya Mama Pindo mwenyewe ikajibu kutoka ndani. "Kula, mume wangu."

Asubuhi jirani wa mlango wa pili alimkuta mke wa fundi redio nje, ameinama, anasugua mlango kwa kitambaa. Ulikuwa umejaa alama za viganja, nyeupe kwa vumbi la ukuta, zikianzia usawa wa uso na kushuka hadi chini kabisa.

"Nani huyo kachafua hivi?" jirani akauliza.

"Kuna watu wana wivu, shoga yangu," mwanamke akasema, na akatabasamu vizuri sana.

Mlango ule umeshapakwa rangi mara mbili. Alama bado zinaonekana.